Dakika Arobaini na Sita hadi Lima

1

Bi Mwamvua alifika langoni kwangu saa nane kasorobo mchana, kama kila siku, kapu la ukili mkononi na kanga mbili begani: moja yake, nyingine ya kumfutia mtoto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama Mihayo. Mwanaume wangu hajambo?"

"Hajambo. Jino la tatu limetoka, anang'ata mpaka meza ya chumba cha watoto hapo nyuma."

"Mwache ang'ate, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Haya nipitishe, mwenzake ananingoja na jasho la usiku kucha."

Mwenzake ni Tunu, mjukuu wake, aliyekuwa na siku ishirini na mbili duniani. Alikuwa Lima, nchi ya Peru, kilomita elfu kumi na mbili na hamsini kutoka kwenye kiti changu cha Lango la Nne, Kituo cha Tao, Tabora. Kule kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Huku Bi Mwamvua alikuwa ameshapika, ameshakula na kuswali adhuhuri. Angepanda chombo saa nane kamili, angeteremka baada ya dakika arobaini na sita, na saa ya ukutani ya Lima ingemwambia ni saa moja kasoro dakika kumi na nne asubuhi. Siku hiyohiyo.

"Mtaa mzima wa Isevya," alipenda kujigamba, "mimi peke yangu ndiye ninayefika kabla sijaondoka."

Akishafika humwogesha mtoto, humkanda binti yake mgongo na miguu kwa maji ya moto, hukoroga uji wa kutosha mpaka kesho yake, kisha huwahi chombo cha kurudi. Kabla ya saa moja jioni yuko tena Tabora, anabishana na muuza dagaa nje ya kituo. Alikuwa amepania kufanya hivyo siku zote arobaini. Yeye aliogeshwa na bibi yake siku arobaini. Zaituni, bintiye, naye aliogeshwa na bibi yake siku arobaini. Sasa Zaituni amejifungua kwa upasuaji, ugenini, katika mji ambao watafiti wenzake wa viazi wanamletea maua badala ya kumletea uji. Kazini kwake walimpa cheti cha mlezi, kinachomruhusu mtu mmoja kwa siku, yeyote atakayemtaja, kupanda Tao mpaka arobaini itimie. Alimtaja mama yake kabla hawajamaliza kuuliza.

Nikafungua kapu nikakagua. Chupa ya mafuta ya nazi, kopo la asali ya mzazi, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa hadi vikawa vigumu kama kuni. Siku ya kwanza wakaguzi wa Lima walidhani ni vipande vya mti wakataka kuvichoma. Bi Mwamvua akatafuna kimoja mbele yao huku akiwatazama machoni mpaka wakampisha.

"Bangili yako ya safari hii hapa," nikasema.

Alinyoosha mkono kuipokea. Vidole vyake vikafumba hewa, pembeni ya bangili kama shubiri moja. Akacheka, akajaribu tena, akaipata.

"Bibi, unaona vizuri?"

"Naona. Ni hivi vimulimuli tu."

"Vimulimuli gani mchana huu?"

"Vya kona ya jicho la kushoto. Vimeanza juzi. Vizuri kweli, kama kuna harusi huko nyuma ya sikio." Akabonyeza bangili kwenye mashine. Taa ikawaka kijani. "Umeona? Hata mashine yako haina neno."

Akapita. Nikamsikia akimwambia mhudumu wa chomboni amfungie mkanda vizuri, asimbane kama gunia la tumbaku.

Kijani ni kijani. Nilijiambia hivyo mpaka reli ya sumaku ilipoanza kuunguruma, kilomita kumi na moja zilizonyooka kuelekea upande wa Urambo, na chombo kikapita dirishani mwangu, kikainuka, kikawa sindano, kikapotea.

2

Pale kituoni hatusemi roketi, tunasema Tao, kwa sababu njia yake ni kama tao la mlango: reli inakutupa, injini zinakusukuma dakika nne, halafu unaelea juu kabisa ambako mbingu ni nyeusi hata mchana, kisha unadondoka taratibu upande wa pili. Ndege za zamani zilichukua saa ishirini na sita na kubadilisha mara mbili. Matangazo yote yanasema Tao limefuta umbali.

Halikuufuta. Lilichofanya ni kuuhamishia mwilini. Kupanda na kushuka kunavuta pazia dogo lililo nyuma ya jicho, kila safari kidogo, na ule mvutano mmoja tunauita kokoto. Kijana anaruhusiwa kubeba kokoto tisini. Aliyevuka miaka sitini, thelathini. Ukipumzika mwezi mzima, kumi zinayeyuka. Ukizidisha, unaanza kuona cheche, halafu unaona kivuli pembeni, halafu pembeni hakuna kitu tena. Kazi yangu, mimi karani wa lango, ni kuhakikisha hakuna mtu anayefika huko. Nimeisomea miaka miwili, masomo ya jioni, mwaka wa pili nikiwa na Mihayo tumboni, nikiandika daftari likiegemea juu yake naye akilipiga teke.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, sikutazama taa. Nilifungua ukurasa wa Bi Mwamvua nikatazama namba.

Mashine ilisema ishirini na moja.

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Siku ishirini na moja za kwenda na kurudi, na leo kwenda tu. Arobaini na tatu.

Nikashuka chini ya ukurasa. Safari zote za kurudi zilikuwepo, zimepangwa vizuri kwa wino mweusi. Safari zote za kwenda zilikuwa za kijivu, kila moja na maelezo yaleyale mbele yake: batili, imetua kabla ya kuruka.

Mimi peke yangu ndiye ninayefika kabla sijaondoka.

Nilijua kosa lilikotoka. Lilitoka kwangu.

Miezi mitatu nyuma, wazee walikuwa wanateseka langoni. Tiketi za Tao huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, basi chombo cha saa nane mchana kinaandikwa saa tano. Wazee wanakuja saa tano, wanakaa kwenye benchi saa tatu nzima, njaa inawauma. Kulikuwa na mmoja aliyezimia. Nilikwenda kwa msimamizi wetu, Bwana Shija, nikamwomba tubadili saa ya Lango la Nne iandike saa ya nyumbani. Akasema sawa, badili. Nikabadili, nikajisikia nimefanya jambo la maana. Wazee waliniletea karanga.

Sikufikiria kwamba mashine inapokea saa ya kuruka kutoka kwangu na saa ya kutua kutoka Lima, ambako bado wanaandika saa ya dunia. Ukiiongezea safari ya dakika arobaini na sita saa tatu mwanzoni, inaonekana imetua saa mbili na dakika kumi na nne kabla ya kuruka. Mashine ikaona haiwezekani, ikaitupa. Ya kurudi nayo ilionekana ndefu mno, ila mashine huukubali urefu, ikauhesabu kuwa ni kuchelewa.

Nikapitia abiria wengine wote wa lango langu. Wengi walikwenda mara moja, mbili. Hakuna aliyezidi tano. Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa anakwenda Lima kila siku kuogesha mtoto.

Na kokoto ya arobaini na nne ilikuwa bado inamngoja. Ilibidi arudi nyumbani.

3

"Nani mwingine ameona?" Bwana Shija aliuliza, akiwa amefunga mlango wa ofisi yake.

"Mimi na wewe."

Alikaa, akasimama, akakaa tena. Ni mtu mzuri, Shija. Mihayo alipozaliwa alinipangia zamu za mchana miezi yote bila mimi kuomba.

"Sikiliza, dada Nyamizi. Narudisha saa ya dunia sasa hivi, dakika mbili. Kuanzia kesho mashine inahesabu sawasawa. Leo jioni atakuwa na ishirini na mbili kwenye kitabu. Siku nne, anafika thelathini, taa inawaka nyekundu, anazuiwa kihalali. Wewe hukosi kazi. Mimi sikosi kazi. Bibi anapata siku zake nne."

"Ana arobaini na nne, bosi. Zikiongezwa nane ni hamsini na mbili."

"Ni siku nne tu."

"Ameshaanza kuona vimulimuli."

Akageuza kalamu mezani mara nyingi.

"Mama yangu naye ana miaka sitini na tatu kama Bibi," alisema mwishowe, kama mtu anayejilalamikia mwenyewe. "Kalale. Kesho tutaongea."

Jioni ile nilimwogesha Mihayo kwenye beseni la bluu. Nilipopitisha kidole mbele ya uso wake alikifuata kwa macho, kushoto, kulia, kushoto, mpaka kikaingia pembeni, akageuza kichwa kizima kukitafuta. Akakipata, akacheka, akaking'ata. Nikabaki nimechutama pale maji yakipoa. Nikafikiri: Bi Mwamvua naye kesho atanyoosha kidole hivi juu ya Tunu. Atataka kuona kama mtoto anafuata. Na kidole kikifika kona ya kushoto, atakayekipoteza ni yeye.

Kabla sijalala niliandika taarifa ya ukurasa mmoja, hatua kwa hatua, nikaweka jina langu chini, nikaituma kwa bosi. Sikuandika jina la Shija. Asubuhi nilipofika nikakuta nakala yangu mezani kwake, na chini ya jina langu ameongeza la kwake.

"Nimeshaituma makao makuu," alisema. "Haya, nenda ukakae langoni. Sehemu ngumu hiyo."

4

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa kama mwenye msiba?" Bi Mwamvua aliniuliza mchana ule.

"Bibi, keti kwanza."

"Sina muda wa kuketi, chombo kinaondoka."

"Keti, Bibi. Tafadhali."

Akaketi kwenye benchi, kapu mapajani. Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza yote. Sikupunguza, sikuficha kwamba aliyebadili saa ni mimi. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza alitazama mikono yake muda mrefu.

"Taa inasema nini leo?" aliuliza.

"Kijani."

"Basi."

"Taa inadanganya, Bibi."

"Siku zote ilipokuwa inasema kijani mlinipitisha. Leo kijani hiyohiyo mnanizuia." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Mama Mihayo, hili jicho ni la nani?"

"Lako."

"Nimelitumia miaka sitini na tatu. Limeona mengi, mengine hata halikutaka. Nikitaka kumpa mjukuu wangu, nitamwomba nani ruhusa? Wewe?"

Mpaka leo nikijiuliza, naona alikuwa na haki upande wake. Nilisema lile tu nililokuwa nalo.

"Sikuzuii kutoa, Bibi. Lakini siku zote hizi hukuwa unatoa. Ulikuwa unaibiwa, na aliyekuwa anakuibia ni mimi, na hukujua. Sasa unajua. Muulize Zaituni kama analitaka hilo jicho."

"Usimwingize Zaituni. Ana mshono."

"Ndiye mwenye cheti."

Nikainuka, nikaenda kwenye mashine, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kuzuia kwa mkono. Kitufe hicho hakitumiki sana, kilikuwa na vumbi. Ukikibonyeza unaandika sababu, na jina lako linabaki pale milele. Nikabonyeza. Taa ikawa nyekundu.

Bi Mwamvua aliitazama ile taa. Halafu akatoa simu kwenye kapu, akapiga mwenyewe.

Zaituni alipokea papo hapo, nywele zimesimama, mtoto begani. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili kasoro asubuhi, na alikuwa na uso wa mtu asiyeijua tofauti ya usiku na mchana. Naufahamu uso huo. Mama yake alimweleza kwa maneno machache, na mwisho akaongeza, "Lakini naweza kuja. Huyu binti wa langoni ndiye mwoga."

Zaituni alimpigapiga mtoto mgongo. Tunu akakoroma begani kwake.

"Mama," alisema, "siku hizi tatu zote unajifuta jicho ukiniambia ni vitunguu. Nikajiuliza, vitunguu gani, mbona tunapika uji?"

Bi Mwamvua alijifuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Mimi nataka Tunu akujue ukiwa unamwona. Hata akipita pembeni, umwone. Usije, Mama. Nakuomba usije."

"Na leo nani atamwogesha? Mumeo Aurelio? Anamwosha kama kioo cha gari."

"Aurelio anajifunza."

"Kwa mtoto wangu hajifunzi mtu." Akageuka akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama anayechagua kuku sokoni. "Wewe. Umeshawahi kumlaza mtoto miguuni ukamwogesha, au ninyi wa siku hizi ni beseni tu?"

"Mama yangu alinifundisha. Ila natumia beseni, Bibi, sikufichi."

"Kokoto zako ngapi?"

"Sina hata moja. Sijawahi kupanda."

"Miaka yote uko hapa hujawahi kupanda?"

"Sikuwa na mtu huko."

Akavua zile kanga mbili begani, akanitupia moja, akanipa na kapu.

"Sasa unaye," alisema. "Vua hilo koti la serikali. Zaituni, mtaje huyu kwenye cheti chako. Jina lake Nyamizi. Na Mihayo namchukua mimi, kachelewa kula, namsikia kutoka hapa."

Shija alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, sijui tangu lini. Alikuja akaketi kwenye kiti changu, akanivika bangili, akanionyesha kwa kidevu njia ya kwenda chomboni.

5

Reli iliponitupa, nilihisi watu watano wamenikalia kifuani. Machozi yalitoka yenyewe yakakimbilia masikioni. Halafu, ghafla, wote watano wakainuka wakaondoka, na kanga ya Bi Mwamvua ikapanda mapajani mwangu taratibu kama kitu kilichoamka.

Nilimkumbuka Mihayo. Maziwa yakatoka. Yalipenya blauzi, na kwa kuwa hayakuwa na pa kuchuruzikia, yakajikusanya juu ya kitambaa yakawa mpira mdogo mweupe unaotetemeka. Baba mmoja wa kiti cha pili aliuona, akageukia dirishani kwa adabu. Mimi nikaufuta kwa kanga, nikacheka peke yangu.

Mbele yetu kulikuwa na kioo kinachoonyesha umbali. Kilipofika elfu sita na ishirini na tano, nusu ya njia, nilijaribu kuhisi kama umbali umefutika. Ulikuwepo wote. Ulikuwa nyuma ya macho yangu, kama kidole kinachobonyeza polepole.

Lima ilitupokea kwa ukungu mwembamba, ule unaokulowesha bila kunyesha. Treni ya dakika ishirini, ngazi tatu, mlango wa kijani. Alinifungulia kijana mrefu mwenye taulo begani.

"Shikamoo," aliniambia.

"Mimi ni mdogo, Aurelio," nilimwambia. "Huniamkii hivyo."

"Mama alinifundisha. Namwamkia kila mtu." Akaonyesha nyuma kwa kiganja. "Hata Tunu."

Zaituni alikuwa ameketi kitandani, anajaribu kuinuka kunipokea. Nikamkataza. Tukatazamana, wanawake wawili ambao tulikuwa tunajuana kwa simu ya dakika tano tu, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akisema samahani, sijui nina nini, nalia hata kwa kijiko kikianguka.

"Hata mimi nililia kwa kijiko," nilimwambia. "Kwangu ilikuwa mfuniko wa sufuria."

Aurelio alishatandika mkeka bafuni. Niliketi, nikanyoosha miguu, nikapima maji kwa kiwiko. Simu ikaegemezwa kwenye ndoo, na Bi Mwamvua akatokea, amemshika Mihayo upande mmoja.

"Sogeza simu, naona goti."

Nikasogeza.

"Sasa naona sikio. Haya, inatosha. Mlaze. Kichwa kwenye vifundo, matako huku kwako. Mkono wa kushoto usimwachie hata ukiitwa na rais."

Tunu alikuwa mwepesi kama mkate. Kata ya kwanza ya maji ilipomgusa tumboni alitoa kilio ambacho sikutegemea kitoshee kwenye kifua kile. Nikaishika kata hewani.

"Usiache," sauti ya simu ilisema. "Analalamika, haumii. Ongea naye. Mwambie unakotoka."

Basi nikamwambia. Nikamwambia natoka Tabora, kwa bibi yake, kwamba kule sasa ni alasiri na joto, kwamba kuna mwenzake mwenye meno matatu. Nikamwagia maji, nikampaka mafuta, nikamnyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto vikutane juu ya kitovu, kisha vile vingine. Kilio kikapungua kikawa manung'uniko, manung'uniko yakawa pumzi. Zaituni alikuwa ameegemea mlango, macho yamefumba, kama anayeogeshwa yeye.

"Geuza simu," Bi Mwamvua alisema kwa sauti ya chini. "Nimwone uso."

Nikaigeuza. Aliisogeza simu yake karibu mno, mpaka kioo kizima kikajaa jicho lake la kushoto, jeusi, lenye maji, lenye mishipa midogo myekundu. Tunu akalitazama. Sijui mtoto wa siku ishirini na tatu anaona nini. Lakini aliacha kunyonya ngumi.

"Ananiona," lile jicho lilisema.

6

Nilitua Tabora saa moja kasoro dakika kumi na nne jioni. Mashine ya Lango la Nne ilisoma bangili yangu: kokoto mbili. Pale penye saa ya dunia, Shija alikuwa amebandika kadi kubwa ya boksi, ameandika kwa kalamu nene: SAA YA TABORA, ONGEZA TATU. Chini yake: MUULIZE KARANI, ASIPOJUA MUULIZE SHIJA.

"Majibu yamekuja," aliniambia. "Mimi barua ya onyo. Wewe barua ya onyo, na mwezi mzima hukai langoni. Wanataka upite kituo kizima ukague saa zote na uandike ripoti."

"Yaani adhabu yangu ni kazi zaidi?"

"Nimewauliza hivyohivyo, wakasema ndiyo. Ila ni asubuhi tu. Kuanzia saa sita uko huru."

Kwenye benchi la wazee palikuwa na makelele. Wanawake sita wa Isevya, wote wamevaa kitenge kimoja cha kikundi chao cha kusaidiana katika ndoa na misiba, walikuwa wamemzunguka Bi Mwamvua. Mihayo amelala mapajani mwake, mdomo wazi, amelishwa mpaka shingo haionekani.

"Mimi nina sitini na moja, nina kokoto zangu thelathini hazijaguswa," mmoja alikuwa anasema, Bi Tausi, mwenye sauti kali kama ya filimbi. "Nachukua siku tano za kwanza."

"Wewe una mikono mizito. Mtoto wa siku ishirini na nne huwezi kumkanda kama chapati."

"Chapati zangu umekula miaka thelathini, leo ndiyo unazisema?"

Bi Mwamvua aliinua mkono wakanyamaza.

"Zamu naipanga mimi. Nyamizi anaendelea mpaka Ijumaa, mtoto ameshamzoea. Baada ya hapo mmoja mmoja, siku mbili mbili, na kila anayekwenda atapima maji kwa kiwiko mbele yangu kwenye simu. Arobaini ikitimia, Zaituni atakuja naye kwa ndege ya zamani, ile ya saa ishirini na sita. Watoto hawapandi Tao. Nami nitamngoja hapa chini, kama watu walivyokuwa wanangojana."

"Daktari wa kituo kasemaje?" nilimuuliza.

"Pazia limevutika, halijachanika. Miezi sita nisipande hata ngazi ndefu. Vimulimuli vinaweza kubaki." Akapandisha bega. "Nimevizoea. Vikija nitajua harusi imeanza."

Alinitazama, na kwa kitambo hakuwa na mzaha. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa tayari. Badala yake akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete."

Nikadhani anataka kapu. Nikampa.

"Si kapu. Mikono."

Nikainama nikampa mikono yangu. Aliishika, akaifungua viganja, akaifikisha usoni kwake. Akavuta pumzi. Mafuta ya nazi yalikuwa bado yamo kwenye mistari ya viganja, na ndani ya mafuta ile harufu nyingine, ya maziwa na usingizi, niliyoitoa bafuni kwa Zaituni alasiri hiyohiyo, ikavuka nami bahari na nusu ya Afrika bila kumwagika.

Bi Mwamvua alivuta pumzi mara ya pili, taratibu, macho yamefumba.

"Hukumsugua nyuma ya masikio," alisema.

"Nilisahau, Bibi."

"Kesho usisahau."